Mama Ndani ya Nduma

Mikono inaniwasha ninapoandika haya. Nimeipaka mafuta ya kupikia, nimeisugua kwa jivu, na bado inawasha. Ukiwahi kushika nduma mbichi, yale magimbi ya majini, kwa mikono mitupu unaujua muwasho huo: hauna kidonda wala uvimbe wa maana, lakini unamfanya mtu mzima ajikune mbele za watu kama mbuzi aliyepata ukuta. Leo, siku chache baada ya kumzika Cucu, mama yake mama yangu, tulikutana kwake Gatongora, Ruiru, kugawana vitu vyake. Wengine walichukua masufuria, wengine mablanketi. Mimi niliomba bafu.

Walinicheka. "Mwende, bafu ya nini na kwako kuna shawa?" mjomba aliniuliza. Hilo bafu ni lile beseni refu la kuogea mtu akiwa amelala, ambalo wenye nyumba kubwa huliweka kwa madaha kisha wakalichoka. Cucu alilipata sijui wapi, rangi imebanduka pembeni, na tangu nilijue hakuna mtu aliyeoga ndani yake. Lilikuwa la nduma. Nilipozamisha mikono kwenye tope kung'oa mashina, harufu ikanipanda puani, harufu ya maji ya kijani na samadi ya zamani, na papo hapo nikawa tena yule mtoto aliyefungiwa kwenye ploti, anayengoja mama yake atoke majini.

Kwetu kulikuwa Ngoingwa, upande wa Thika. Baba ni Mkamba, Mum ni Mkikuyu, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu hakuna kati yao aliyekubali kushindwa. Kwa hiyo Kikuyu nilichokijua mimi kilikuwa cha amri tu: kuja, kula, nyamaza, vua viatu. Kumbuka hilo, maana shida yangu yote ilitoka hapo.

Mum alikuwa mjamzito. Mtoto angekuwa msichana, na kwa desturi ya kwao angeitwa Wangui, jina la Cucu, kwa kuwa mimi nilikuwa tayari nimepewa jina la nyanya wa upande wa Baba. Mum alipoenda hospitali alibeba begi lenye nguo za mtoto, nguo ndogo za manjano ambazo alikuwa amezifua na kuzikunja mbele yangu. Alirudi na begi lile lile, zipu imefungwa. Akapita sebuleni bila kunitazama, akaingia chumbani, akavuta pazia. Mimi niliamini mtoto yumo ndani ya begi. Nilikaa kando yake nikiogopa kwamba atakosa hewa, mpaka nikashindwa kuvumilia, nikafungua zipu. Nguo zilikuwa zimekunjwa vile vile.

Hakuna aliyeniambia kitu. Sijui watu wazima huwa wanafikiri watoto wana masikio ya mapambo. Nilichoambiwa ni kwamba Mum anapumzika, na kwamba nitaenda kukaa na Cucu kidogo. Baba alinifikisha Ruiru na mfuko wa nguo, akanywa chai akiwa amesimama, akaondoka. Nilisikia Cucu akifunga geti nyuma yake, kufuli likilia kwa sauti nzito.

Cucu mwenyewe hakuwa mtu wa mageti. Maisha yake yote aliishi Theta, shamba lao likiteremka hadi mtoni, na nduma zake ziliota pale kwenye ukingo, miguu majini na vichwa juani. Kisha shamba likakatwa ploti, na watoto wake wakamjengea nyumba ya mawe Gatongora, yenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu. Nyumba nzuri, kila aliyefika alisema. Cucu alisema wamemtia sero. Kwa ulimi wake "l" na "r" zilikuwa zikibadilishana viti zikipenda; alimaanisha selo, ya polisi, lakini mimi nilidhani "sero" ni aina fulani ya nyumba ya kifahari.

Alichokataa kuacha Theta ni nduma. Alizileta zimefungwa kwenye gunia lenye maji, akazipanda katika kila kitu kilichoweza kushika maji: karai la fundi lililochakaa, mapipa yaliyokatwa nusu, mabeseni ya plastiki, shimo refu alilolichimba kando ya ukuta na kulitandika nailoni nyeusi. Na lile bafu, ambalo tundu lake aliliziba kwa tambara na lami. Chini aliweka udongo wa samadi, juu yake mchanga kidogo ili tope lisiinuke, kisha maji, lakini maji machache, ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu.

"Nduma si samaki," aliniambia nilipotaka kujaza beseni hadi pomoni. "Haitaki kuogerea. Inataka kurowa miguu."

Akanipa kazi. Kazi yenyewe haikuwa kumwagilia, ilikuwa kuamsha maji. Nilichukua jagi, nikachota maji kwenye beseni, nikayainua juu kadiri mkono ulivyoweza, nikayamwaga pale pale yalipotoka ili yapige kelele na kutoa mapovu. Asubuhi na jioni, beseni moja baada ya jingine. "Kwa mto maji hairari," alisema Cucu. "Hapa inarara. Na maji ikirara inaoza, na nduma inaoza nayo." Siku za kwanza nilicheka jinsi alivyosema "hairari." Baadaye sikucheka tena, maana nilianza kujiona mimi ndiye ninayelala na kuoza.

Kwa kweli nilikuwa nimefungwa. Ufunguo wa geti ulikaa kwenye kitambaa, kitambaa kikakaa kifuani mwa Cucu, na hakuna siku nilipomwona akiusahau. "Huku Ruiru watu hawajuani," alisema. "Mtoto anaenda dukani harudi." Naelewa sasa kwamba mjukuu mmoja alikuwa amekwisha kumpotea, yule wa jina lake, na hakuwa tayari kupoteza mwingine. Wakati ule nilielewa tu kwamba ukuta ni mrefu. Nililala kifudifudi kwenye simiti nikitazama dunia kwa ule upenyo wa chini ya geti: viatu, ndala, magurudumu ya boda boda, kuku, miguu ya watoto wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Sikuwahi kuona nyuso zao. Niliwajua kwa vidole vya miguu.

Vyura ndio walioniuma roho zaidi. Walijileta wenyewe kwenye nduma, sijui nani aliwapa habari kwamba kuna maji. Jioni ukisikia mmoja anaruka kwenye simiti, unamwona anafika getini, anajibana kidogo, anapita, ameenda zake. Nilimwonea wivu chura. Sijawahi kumwonea mtu wivu kiasi kile.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyonichanganyikia. Cucu alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na aliiongelea kana kwamba mtu wa upande wa pili yuko ng'ambo ya bonde. Alasiri moja nilikuwa naamsha maji nje ya dirisha lake, naye ndani akiongea na dada yake. Sikujua wanasema nini mpaka niliposikia jina la Mum. "Wangari?" alisema Cucu, na sauti ikashuka ghafla, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Wangari ari nduma-ini."

Nilisimama na jagi langu hewani. Hiyo niliielewa! Nduma naijua, ninayo hapa mbele yangu. Na "ini" nilishaisikia vya kutosha kujua ni ndani: nyumba-ini ni ndani ya nyumba, mugunda-ini ni ndani ya shamba. Mum yuko ndani ya nduma. Jioni hiyo kwenye maombi, Cucu alipopiga magoti kando ya kochi, nilitega masikio yote mawili, na neno likarudi: "Ngai, murute nduma-ini." Ruta pia nililijua, maana kila nilipoingia na matope aliniambia "ruta iratu," toa viatu. Mungu, mtoe ndani ya nduma.

Usinicheke. Wewe pia uliwahi kuamini kwamba watu wanaosoma habari wanakuona kutoka ndani ya televisheni. Nilikuwa nimepewa maneno matatu tu kuhusu mama yangu, na hayo matatu yalikubaliana.

Kesho yake nilimtafuta. Karai halikumtosha, wala mapipa. Mum alipumzika, na kupumzika ni kulala, na mahali pekee ambapo mtu mzima angeweza kulala akanyoosha miguu ni bafu. Majani ya pale yalikuwa makubwa kuliko kichwa changu, yamefunika maji yote. Niliyatenga kwa mikono miwili, nikainama. Chini kulikuwa na giza la kijani, na katikati ya giza uso wa Mum ulikuwa ukinitazama.

Kila mtu alisema nimefanana na Mum. Lakini nani angemkumbusha mtoto jambo hilo saa kama ile? Nilimwambia, "Mum, ni mimi." Midomo yake ikatikisika, kana kwamba naye ananiambia jambo, na mimi sikuisikia sauti kwa sababu ya maji. Nikarudisha majani taratibu ili jua lisimchome.

Kuanzia hapo nilikuwa na siri na nilikuwa na kazi. Mabeseni mengine niliyaamsha haraka haraka, la kufa life, lakini bafu nililiamsha mpaka mkono ukafa ganzi. Niliokota viluwiluwi vya mbu kimoja kimoja. Nilivunja majani yaliyoanza umanjano. Tone la maji likianguka kwenye jani la nduma halilowi, linaviringika kama gololi mpaka ukingoni, nami niliziviringisha gololi hizo nikimhadithia yaliyopita siku hiyo, ambayo kwa kawaida yalikuwa uji na miguu ya watu. Nilikuwa na furaha kidogo na hofu nyingi. Je, kama maji yangelala nikiwa nimelala?

Baba alikuja Jumapili, na mkate na uso uliochoka. Nilimuuliza Mum yuko wapi, nione kama atasema kweli.

"Mum anapumzika," alisema.

"Najua pahali anapumzika," nikamwambia. "Naamsha maji kila siku. Hayajalala hata siku moja."

Hakusikia nilichosema, alisikia nduma tu. "Vizuri," akasema, "saidia Cucu." Kisha akatoka nje na chai yake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye bafu, akasimama pale akiyatazama majani muda mrefu, akajipangusa macho kwa kiganja. Alikuwa mtu aliyechoka aliyetafuta mahali pa kulilia. Mimi nilipata ushahidi wa mwisho niliouhitaji.

Nilidhani ataniambia twende nyumbani. Akanibusu kichwani, na kufuli likalia tena.

Halafu asubuhi moja, chini ya geti, nikaona soksi. Soksi nyeupe, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, jozi baada ya jozi, zote zikielekea upande mmoja. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Dunia ilikuwa imeanza tena bila mimi, na dawati langu kule Thika lilikuwa na mtu mwingine, labda yule mnoko aliyekuwa akilitamani. Nilimkimbilia Cucu jikoni.

"Cucu, shule imefunguliwa!"

"Shule haitoroki," alijibu, akikoroga. "Iko hapo tu."

"Basi nifungulie niende nyumbani."

"Nyumbani kuna nini saa hii? Kunywa uji."

Sikunywa uji. Nilienda getini, nikalala kifudifudi, nikafanya kama chura. Kichwa kilipita hadi masikioni, kikakataa kwenda mbele, kikakataa kurudi nyuma. Pua yangu ilikuwa nje, barabarani, katika hewa huru, na mimi mwingine wote nilikuwa ndani. Nakumbuka viatu vya mtoto fulani vikisimama mbele ya macho yangu, na sauti ikisema, "Haiya! Kuna mtu hapa chini!" Cucu alinivuta kwa miguu huku akimwita Mungu kwa lugha zote alizozijua, na sikio moja likabaki na alama ambayo ninayo hadi leo.

"Unataka kuniua?" alifoka, akiniosha damu kwa maji ya chumvi. "Niambie tu nijue. Unataka mimi nimwambie babako nini?"

Nilikuwa nalia kwa hasira. Kama mimi siwezi kutoka, niliamua, basi lazima Mum atoke.

Kwa hiyo unaweza kufikiria moyo wangu siku Cucu alipomaliza kuosha vyombo, akajifunga leso kiunoni, akatazama upande wa bafu na kusema, "Leo naruta hii. Imekomaa."

Naruta! Maombi yalikuwa yamejibiwa, na ni Cucu mwenyewe ambaye angemtoa. Nilikimbia ndani nikavaa gauni la Jumapili. Nilichana nywele kadiri nilivyoweza, nikachukua taulo, maana Mum angetoka amelowa, nikaketi kwenye ngazi ya mlango na taulo mapajani, nikangoja.

Cucu alirudi kutoka nyuma ya nyumba akiwa na panga.

Alishika jani la kwanza, akalikata, likaanguka. Akashika la pili. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka baridi ya maji magotini, tope likinivuta miguu, na mikono yangu imekumbatia mashina huku utomvu ukinichuruzika hadi makwapani. "Usimkate!" nilipiga kelele. "Cucu, usimkate Mum!"

Panga lilibaki juu. "Ngai fafa! Hii mtoto imefanya nini? Toka huko, itakuwasha!"

"Mum ako hapa chini! Wewe ndio ulisema!"

"Nilisema nini mimi?"

"Kwa simu. Ulisema Wangari ari nduma-ini. Na kila siku unaombea atolewe. Ukikata utamkata!"

Cucu aliliweka panga chini polepole, upande mkali ukitazama ukuta. Alinitazama nilivyosimama pale na gauni la Jumapili, akatazama taulo iliyoanguka kwenye ngazi. Kinywa chake kilijaribu neno bila sauti, mara mbili, akilipima. Kisha akaketi kwenye ukingo wa bafu.

"Ndio maana hujawahi kuwacha hii maji irare," alisema.

"Asioze," nikamwambia.

Hakunikemea. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akafungua fundo, akatoa ufunguo. Siku zote zile alikuwa akiniambia nitoe viatu. "Vaa viatu," aliniambia.

Hakunibadilisha nguo. Alichimbua nduma mbili tatu, akazitia kwenye mfuko, tukatoka hivyo hivyo, mimi nikidondosha maji na watu wakitushangaa njia nzima hadi Ngoingwa. Muwasho ulinianza tukiwa bado Ruiru. Kufika Thika nilikuwa najikuna kwa kucha zote, shingoni, mapajani, kati ya vidole, na Cucu ananishika mikono na mimi ninaichomoa. Nilimuuliza mara kwa mara tumemwachaje Mum peke yake kwenye bafu. Alisema, "Tunaenda kwake." Nikadhani amechanganyikiwa.

Mlango wa kwetu haukuwa umefungwa hata kwa komeo. Baba alikuwa kazini. Sebuleni vikombe vilikuwa vimekauka chai, na begi lilikuwa pale pale kando ya kochi. Cucu alinipeleka hadi mlango wa chumba cha wazazi wangu, akausukuma. Pazia lilikuwa limevutwa, na juu ya pazia blanketi limepigiliwa misumari. Sikuona kitanda, wala ukuta, wala mikono yangu mwenyewe. Kulinuka jasho na chai iliyolala.

Cucu alinishika bega. "Mwende," alisema, "nduma ndio hii."

Ilinichukua miaka kuielewa sentensi hiyo yote. Kwa Kikuyu, ule mmea wa majini hutamkwa karibu na "ndoma." Nduma, vile sisi wa Kiswahili tunavyotamka tukiagiza kiamsha kinywa, kwao ni giza. Cucu hakuwahi kusema kwamba binti yake yuko ndani ya mmea. Alikuwa akisema, kwa dada yake na kwa Mungu wake, kwamba binti yake yuko gizani na yeye hajui namna ya kumtoa. Angeweza kuniambia mimi pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, lakini kabla ya kifo huwa kuna mtoto anayekumbatia majani kwenye beseni.

Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba mle ndani kuna mtu, kwa sababu nilisikia akipumua. Niliogopa kuingia. Nilisimama mlangoni nikijikuna, nayo sauti ya kucha ikawa ndiyo sauti pekee katika nyumba nzima.

"Nani anajikuna?" giza likauliza.

"Ni mimi."

"Unajikuna nini?"

"Nduma."

"Nani amekuwachilia ushike nduma mbichi?" Alikuwa amekasirika. Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa ile ile ya kuniuliza daftari liko wapi na kwa nini soksi ni moja, na sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile. Kitanda kililia. Nikasikia nyayo zikitafuta sakafu, na mkono ukipapasa ukuta.

"Kuja hapa kwa mwanga nikuone," Mum alisema, akalivuta blanketi.

Misumari ilitoka na vipande vya plasta. Jua liliingia lote kwa mkupuo, na sote tukafumba macho. Nilipofumbua nilimwona: nywele zimeshikana, midomo imepasuka, amekonda, kanzu yake ya kulalia imekuwa kubwa. Alininyanyua kidevu, akanigeuza huku na huku, akatazama mikono, shingo, sikio lenye kidonda. Akaenda jikoni akishikilia ukuta, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia, akaanza kunipaka kuanzia vidoleni.

"Maitu," alimwambia mama yake bila kumtazama, "unawachaje mtoto aingie kwa ndoma?"

"Aliingia akikutafuta wewe," Cucu alijibu.

Mum aliendelea kunipaka mafuta, mkono huu, halafu mwingine, halafu ule wa kwanza tena, ingawa ulishapata ya kutosha. Machozi yake yalikuwa yakidondoka juu ya mafuta yakiteleza bila kushika ngozi. Cucu alienda jikoni kuchemsha nduma alizozibeba, na tulizila jioni hiyo na chai, Baba akiwa amesimama mlangoni na koti mkononi kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Sitakudanganya kwamba alipona siku hiyo. Kuna asubuhi nilizoamka nikakuta pazia limevutwa tena. Lakini hawakunirudisha Gatongora, na blanketi halikupigiliwa tena. Nami nilikuwa nimejifunza dawa. Siku za pazia nilisimama mlangoni pa chumba chake nikajikuna, hata nisipowashwa, kwa sauti, mpaka aseme, "Wewe, unajikuna nini tena?" Wakati mwingine ilichukua muda mrefu. Nilikuwa na kucha na nilikuwa na subira.

Cucu naye, tangu siku hiyo, kila nilipomtembelea aliacha geti wazi mchana. Aliketi kwenye kiti mbele yake akichambua mboga na kuwauliza wapita njia wametoka wapi, mpaka Ruiru nzima ikamjua. Nduma za bafuni aliendelea kuzipanda, na mtu akimuuliza kwa nini haziuzi sokoni kama za mabeseni mengine, alinitazama na kusema hizo zina mwenyewe.

Basi leo, baada ya wengine kumaliza kucheka, nilibaki peke yangu na bafu. Nilitaka vichipukizi vichache vya kuweka kwenye beseni kwangu, nyumba ya kukodi yenye baraza la futi chache, na bafu lenyewe nitaona litakaa wapi. Nilipotenga majani niliinama kwanza kuangalia. Uso wa Mum ulikuwemo bado, umezeeka kidogo. Nilianza kulia, kilio ambacho hakikunitoka kaburini, huku nimezama hadi viwikoni na siwezi kujipangusa.

Mum alikuwa jikoni akifungafunga vikombe vya mama yake kwa magazeti. Sikumsikia akitoka. Nilijua yupo niliponyoosha mgongo na kuanza kujikuna.

"Unajikuna nini?" aliuliza.

"Nduma," nikasema.

Alikuwa na kopo la mafuta mkononi tayari. Ilikuwa saa sita mchana, hakuna wingu, geti liko wazi, na sisi wawili tumesimama katikati ya ploti ambapo hakuna hata kivuli cha kuku. Akanyoosha mkono.

"Kuja hapa kwa mwanga," Mum alisema, "nikuone."